Kipengele cha Saba

Kaka yangu Tihomir alipozikwa, mimi ndiye niliyegawa ngano. Nilisimama kwenye lango la makaburi na bakuli la ngano iliyochemshwa ikatiwa sukari. Kila anayeingia alichota kijiko kimoja kwa ajili ya roho ya marehemu, nami nikamwambia ahsante kwa kuja na kumpa karatasi ya kufutia mdomo. Nakumbuka nilikuwa nawaza kama zile karatasi zitatosha. Zilitosha.

Kwetu, katika vijiji vya milimani juu ya mji wa Knjaževac, Serbia, dada ndiye anayemlilia kaka. Anafuata jeneza akimwita kwa jina, anamtajia waliokuja na wasiokuja, anamgombeza kwa kuondoka bila kuaga. Watu husimama wakasikiliza, na baadaye hawakosi la kusema: fulani kamlilia nduguye vizuri, fulani hakumlilia. Mimi sikutoa hata mguno. Mama ndiye aliyelia mpaka sauti ikamkauka. Shangazi Grozda, dada wa marehemu baba, akasema kwa sauti ambayo nilikusudiwa niisikie, "Huyu kaja kuzika jirani."

Sikukasirika. Ukikalia mguu vibaya unakufa ganzi. Mtu akiugusa unajua umeguswa, ila hausikii. Mimi nilikufa ganzi mwili mzima. Watu walinikumbatia, nikahesabu vifungo vya makoti yao.

Siku ya arobaini nilikwenda tena, na tena nikasimama kimya. Nilipokuwa naondoka mama alinisindikiza mpaka langoni, akasema bila kunitazama, "Ikifika nusu mwaka padri atamsomea tena. Ukija kusimama kama mlingoti mbele za watu, Stamena, bora ubaki huko huko kwenu Niš." Nyumbani siku zote mimi ni Stama. Na Niš si kwetu, ni mahali ninaposoma tu.

Baba alikufa tukiwa wadogo. Tihomir alikufa mwezi Machi, trekta lilimpindukia kwenye mteremko wa shamba la plamu. Waliobaki ni mama na mimi, na mama aliamini kwamba sikumpenda kaka yangu. Nami nilianza kuamini hivyo mimi mwenyewe.

Muhula ule tulikuwa na Profesa Arsić, somo la upimaji katika saikolojia. Wanafunzi wengi huchagua saikolojia wakidhani watakaa kwenye kiti kizuri wasikilize siri za watu. Halafu wanakutana na mkengeuko sanifu, na wengine wanaomba kuhamia ualimu wa mazoezi ya viungo. Mimi nilishukuru. Mkengeuko sanifu unakwambia watu wametawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wao, basi, haukuulizi unajisikiaje. Nilikuwa nafanya mazoezi ya takwimu asubuhi kabla ya chai, kama wengine wanavyosali.

Arsić alikuwa mtu mwembamba anayefundisha akiwa amekaa kwenye kizingiti cha dirisha. "Huzuni huwezi kuipima kwa rula," alituambia. "Haionekani. Kinachoonekana ni majibu ya watu. Kwa hiyo unaandika maswali mengi yanayoizunguka, kila moja linaichungulia kwa upande wake, halafu unatazama kama majibu yanakwenda pamoja. Yakienda pamoja, pengine kuna kitu kimoja nyuma yake kinachoyavuta. Pengine. Andikeni hilo 'pengine', maana mtihani wangu umo humo."

Kazi ya mwisho ilikuwa kutengeneza kipimo, wawili wawili, na kukijaribu kwa watu mia au zaidi. Mimi nilifanya na Tijana, ninayelala naye chumba kimoja bwenini. Tijana ana mdomo, lakini moyo wake hauna kona.

"Tupime woga wa mitihani," alisema. "Watu tunao humu humu bwenini, hatuna haja hata ya kuvaa viatu."

"Tupime msiba."

Akaniangalia. "Stama, una uhakika?"

"Ni mada kama mada nyingine."

"Mada kama mada nyingine, anasema. Haya bibi. Lakini ukianza kuzimia kwenye majedwali, mimi nakumwagia maji."

Tukaandika vipengele kumi na viwili, vya kujibiwa kwa namba, kuanzia moja, sivyo kabisa, mpaka tano, ndivyo hasa. Usingizi umenipotea. Chakula hakina ladha. Siwezi kugusa vitu vyake. Kimoja tulikiandika kichwa chini miguu juu, "Siku hizi nina furaha", ili kumnasa anayeweka alama bila kusoma. Majibu ya kipengele cha namna hiyo lazima uyageuze kabla ya kujumlisha, tano iwe moja na moja iwe tano. Kipengele cha saba niliandika mimi: "Bado ninamlilia marehemu wangu." Hicho hatukukijadili hata kidogo. Nani asiyejua kwamba mwenye huzuni analia?

Tijana aliwapata watu kwenye saluni ya mama yake, wanawake waliokaa na rangi kichwani wasioweza kukimbia. Mimi nilikwenda kwenye chama cha wastaafu, na Jumamosi nikazunguka vijijini, kwenye malango ya makaburi, ambako wajane huja na mishumaa. Niliwapa kalamu, nikangoja, nikachukua karatasi. Wengine walinisimulia maisha yao yote. Niliitikia mahali panapotakiwa kuitikia.

Karatasi moja nilijaza mimi. Usingizi, tano. Chakula, tano. Vitu vyake, tano. Fulana yake ilikuwa bado kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda changu, sijaufungua. Cha saba, moja. Nilijaza haraka na kuitia katikati ya nyingine, kisha nikaenda kufua.

Mtihani wa Juni sikuufanya, na kiangazi chote sikwenda nyumbani. Nilikaa kwao Tijana, nikawa nauza mikate kwenye duka la mjomba wake. Mama hakupiga simu, na mimi sikupiga. Mwanzoni mwa Septemba tukakaa jikoni kwao na kompyuta, tufanye uchambuzi kabla mtihani wa marudio haujafika.

Kuna namba inayoitwa alfa. Inakwambia vipengele vyako vinashikana kiasi gani, na ikikaribia moja watu wanapeana mikono. Yetu ilikuwa 0.72, inapita kwa kujikongoja. Tukatazama kipengele kimoja kimoja, kila kimoja kikilinganishwa na jumla ya wenzake. Kumi na kimoja vilikwenda pamoja, vingine vizuri, vingine kwa kusukumwa. Cha saba kilikuwa na alama ya kutoa mbele yake.

"Hukukigeuza," alisema Tijana.

"Si cha kugeuzwa."

"Basi umekigeuza kwa bahati mbaya."

Hakikuwa kimegeuzwa. Nilirudia kila kitu kutoka mwanzo, na ile alama ikarudi. Maana yake ni kwamba katika watu wetu, wanaolia zaidi ndio wanaoumia kidogo, na wanaoumia zaidi hawalii.

"Kikate," alisema Tijana. "Angalia, tukikitoa alfa inapanda mpaka 0.81. Hicho ni kipengele chenye roho mbaya. Wenzake wote wanakwenda sokoni, chenyewe kinarudi."

Nikachora kila mtu kama nukta. Mstari wa chini, wa kutoka kushoto kwenda kulia, ni kiasi anacholia, mstari wa kupanda juu ni jumla ya yale mengine. Nukta zilitakiwa zipande kadiri zinavyokwenda upande wa kulia, lakini zilishuka. Kwenye pembe ya juu kushoto niliiona ya kwangu. Sikuwa peke yangu. Kulikuwa na kijikundi cha watu pale juu, wasiolala, wasioonja chakula, wasiolia. Niliwatazama muda mrefu. Nilisikia kitu kidogo kifuani, sijui niseme nafuu, sijui niseme wivu kwamba wao hawana Shangazi Grozda. Kikapita.

"Sikikati," nilisema.

"Stama, nataka tisa kwa kumi katika somo hili. Sitaki ubishi wa kipengele."

"Twende kwa Arsić."

Arsić aliutazama mchoro, akautazama tena, akavua miwani. "Mmehakikisha hamkukigeuza?"

"Tumehakikisha, Profesa."

"Basi ni moja kati ya mawili. Ama watu wenu ni wa ajabu, ama swali lenu wamelisikia tofauti na mlivyoliandika. La kwanza hutokea mara chache sana."

"Si tukikate tu?" aliuliza Tijana.

"Mnaweza. Kila mtu anakata, alfa inapanda, na mimi natoa nane kwa sababu sina ushahidi wa kunyima. Nani aliandika hiki?"

"Mimi," nilisema.

"Basi mwenzangu" (maprofesa wetu hutuita wenzao, hasa wakitaka kutufelisha) "mtafute mtu mmoja, umsomee kipengele hiki, halafu umuulize amesikia nini. Usimfundishe jibu. Ukimfundisha umeharibu."

Jumamosi ya wiki ile ndiyo ilikuwa nusu mwaka ya Tihomir. Tijana alijua, ndiyo maana njiani kurudi hakuitaja tena ile tisa yake, na kwake hilo si jambo dogo. Nikampigia mama.

"Nakuja Ijumaa."

"Kufanya nini?"

"Nina kazi ya chuo."

"Haya."

Nilimkuta mezani jikoni, amevaa nguo zake nyeusi, anachambua ngano ya kesho yake. Hakuinuka. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, akasema kuna maharage kwenye oveni. Nikavuta kiti, nikaanza kuchambua upande wangu. Tulitoa vijiwe na makapi, vidole vyetu vinakaribiana katikati ya meza na kurudi.

"Mama, nina maswali ya chuo. Ni ya msiba. Nikusomee, unajibu kwa namba, moja mpaka tano."

"Moja ni nini?"

"Moja, sivyo kabisa. Tano, ndivyo hasa."

"Kama shuleni."

"Kama shuleni," nilisema, na sikusikia nilichokuwa nimekisema.

Nikamsomea. Usingizi, akasema tano. Chakula, akasema anakula kwa sababu kuna saa ya kula, niandike nne. Vitu vyake, akasema koti la Tihomir bado liko kwenye msumari wa ghala na yeye hupita mlango wa nyuma asilione. Alijibu kama mtu anayeulizwa na karani, macho kwenye ngano.

"Bado ninamlilia marehemu wangu."

"Tano." Hakufikiri hata kidogo. "Tena tano safi. Kila Jumamosi niko kule, na padri akipita anasimama kusikiliza. Zorka wa pale chini naye atakwambia tano kwa mumewe. Yule anastahili alama tatu, tena kwa kuonewa huruma. Anarudia maneno yale yale."

Nikaiweka kalamu chini. Nikawaona wale wajane wote wa kwenye malango, walivyoikaza kalamu kwenye kipengele cha saba. Mimi niliwauliza hali yao. Wao walidhani nataka alama zao, na wakajipa alama, kwa haki, kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Sisi hapa tumesoma wote shule kwa alama za moja mpaka tano, moja umefeli na tano wewe ni bora, na nilikuwa nimekaa mbele ya Arsić muhula mzima nisilione hilo.

"Mama," nilisema, "sikuuliza kama unajua kumlilia. Niliuliza machozi."

"Machozi hukuyataja."

"Nayataja sasa."

Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitazama, akakiweka pembeni na vingine.

"Machozi sina," alisema. "Tangu Milun wa jirani alipokuja kuniambia trekta limepinduka. Nilikuwa naosha mitungi ya pilipili, nikamalizia mtungi. Nangoja yaje, hayaji. Nakwenda kule napiga ukelele mpaka Grozda anaishika mikono yangu, na ndani hamna kitu, Stama. Pakavu. Kumlilia ni kwa ajili yake, asilale kimya kama mtu asiye na kwao. Si kwa ajili yangu."

Nilisema, "Hata mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Ungekuwa na machozi ungeyaficha wapi? Nimekulea mimi."

Hapo nilipandwa na hasira, hasira ya kwanza tangu Machi, nikafurahi kuiona. "Kama unajua, mbona ulinifukuza? Uliniacha kule kiangazi chote nikijua kwamba sina moyo. Kisa sikulia."

"Nani kakwambia nilitaka machozi? Ningekudai wewe kitu ambacho mimi mwenyewe sina?" Sasa alikuwa ananitazama. "Kumlilia mtu ni kwa watu wawili. Mmoja anatupa neno, mwingine anadaka, hivyo ndivyo mtu anavyofika mpaka kaburini bila kuanguka. Nilikuwa natupa, natupa, na nyuma yangu mtu anagawa karatasi. Nilisikia kabisa. 'Ahsante kwa kuja, chukua karatasi.' Nimemzika mwanangu peke yangu, na binti ninaye."

Maji ya ngano yalianza kuchemka, akaenda kuyapunguzia moto. Aliongea na sufuria, mgongo ukiwa kwangu.

"Kesho uje au usije. Lakini kama ni kusimama, kaa hapa, uangalie mkate."

"Sijui namna ya kufanya."

"Hakuna anayejua. Unamwita, unamwambia yaliyopo."

Asubuhi nilikwenda. Kulikuwa na umande, watu walikuwa wengi kuliko nilivyotaka. Padri alisoma, akamwaga divai juu ya kaburi, akaondoka kwenda kwenye ubatizo kijiji cha pili. Wanaume walimwaga tone la rakija, pombe kali ya plamu, chini kwa ajili ya marehemu, nyingine wakamalizia wenyewe. Bakuli la ngano nilikuwa nalo mimi tena. Nikampa Shangazi Grozda alishike. Alilipokea kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

Mama akasogea kichwani mwa kaburi, akaanza. Alimwita Tihomir kwa sauti ile ndefu inayopanda na kukatika. Alimwambia plamu zimeiva, matawi yameinama, hakuna mtu wa kupandisha ngazi. Alimwambia Milun ameuza ng'ombe wake mmoja. Kisha akaacha nafasi.

Niliiacha ipite. Niliisikia ikipita, mtu mmoja akakohoa.

Mama akaendelea. Alimwambia mvua ilikosekana mwezi wa saba, kisima kilishuka. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, akaushika msalaba kwa mkono mmoja. Akaacha nafasi tena.

"Tihomir," nilisema. Haikuwa sauti ya kuimba wala ya kusema, ilikuwa mbaya, kama mlango. "Tihomir, kaka yangu, mama hasemi na mimi. Kiangazi chote hajanipigia. Umeondoka, umeniacha na nani?"

Mambo ya ndani hayasemwi mbele za watu kwetu, isipokuwa pale, kwa maiti. Shangazi Grozda aliinua kichwa. Mama hakugeuka.

"Tihomir mwanangu," alidaka, "mwambie dada yako simu nilikuwa naishika kila jioni, sijui nianzie wapi. Mwambie godoro lake nimelianika juani, na shuka ni safi. Mwambie hivyo, wewe alikuwa anakusikia."

Macho yangu yalikuwa makavu. Ya mama pia yalikuwa makavu, niliyaona kutoka pembeni. Nilisogea mpaka bega langu likagusa lake.

"Muulize mama, kaka," nilisema, "nikirudi katika nyumba ile, nitaingia kama nani."

Mama alipandisha sauti kuliko mwanzo, mpaka wanaume waliokuwa langoni wakavua kofia.

"Mwambie ataingia kama wangu aliyebaki."

Akaacha nafasi. Nikavuta pumzi, maana ilikuwa zamu yangu.